Barua ya wazi kwa Rasi na Baraza la Chuo: vyama havijafa, vimekosa pa kukaa

Kwa:
Mheshimiwa Rasi wa Chuo,
Mwenyekiti na Wajumbe wa Baraza la Chuo.

Nakala: Mlezi wa Wanafunzi, Idara ya Milki, Serikali ya Wanafunzi.

YAH: KUFUNGWA KWA UKUMBI, KUNG'OLEWA KWA VIMBWETA NA WANAFUNZI KUKOSA MAHALI PA KUKUTANIA

Mheshimiwa Rasi, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kishiriki unachokiongoza, na mwaka jana nilikuwa katibu wa chama cha midahalo. Jina la chuo silitaji. Sina nia ya kukichafua, na wanaohusika tunajuana. Nataka jibu tu, na nimeandika hadharani kwa sababu milango ya ndani nimeshaigonga yote. Barua ya kwanza tulimpelekea Mlezi wa Wanafunzi. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akatuambia suala limemzidi kimo. Ya pili ilipitia serikali ya wanafunzi, ikawekwa kwenye "mengineyo" ya kikao kilichoahirishwa kabla ya kufika huko. Ya tatu niliileta mwenyewe ofisini kwako. Katibu muhtasi aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA mbele ya macho yangu na kunirudishia nakala. Nakala hiyo ninayo hadi leo. Muhuri ule ndio jibu pekee tulilowahi kupata.

Naomba nitaje malalamiko yetu moja baada ya jingine.

1. Ukumbi

Ukumbi wetu una milango minne. Mitatu imefungwa kwa minyororo, na wa nne una kufuli ambalo ufunguo wake unakaa Idara ya Milki, inayosimamia majengo ya chuo. Siku moja muhula uliopita nilifanikiwa kuupata ufunguo huo. Nilipewa daftari nisaini, na wakati mhudumu anatafuta kalamu nikafunua kurasa za nyuma. Harusi. Harusi. Semina ya taasisi fulani. Kikao cha kuagana na bibi harusi. Harusi. Katika kurasa sita nilikuta chama cha wanafunzi kimeandikwa mara moja tu, nacho kilikuwa chetu, siku hiyo hiyo niliyokuwa nasaini.

Sichukii harusi, Mheshimiwa. Lakini tumefanya mtihani wa Jumatatu asubuhi chini ya vitambaa vya zambarau vilivyosahauliwa darini tangu Jumamosi usiku. Juu ya meza yangu kulikuwa na vipande vya mapambo yanayometameta, vikanata kwenye karatasi ya majibu. Sijui msahihishaji alidhani nini.

Mdahalo wetu mkubwa wa mwaka umeahirishwa mara nne. Mada yake ni kwamba mkopo wa elimu ya juu urejeshwe kwa utumishi vijijini badala ya makato ya mshahara. Mara ya kwanza tuliambiwa ukumbi una wageni, mara ya pili fomu haijarudi, mara ya tatu umeme, na mara ya nne hatukuambiwa kitu: tulifika na wasemaji wetu wanne, mmoja akiwa amevaa suti ya kuazima, tukakuta gari la wapambaji linashusha maua.

Mtu akitaka kujua ukumbi wa chuo una uzito gani katika nchi hii, atafute noti ya zamani ya shilingi 500, ile iliyoacha kuwa fedha halali mwaka 2025, aigeuze. Nyuma yake kuna Ukumbi wa Nkrumah, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati ya vyote vilivyoko pale Mlimani, kilichoonekana kinafaa kuwa sura ya elimu ya juu mfukoni mwa kila Mtanzania ni jengo la kukutania, lenye watu mbele yake. Wetu una minyororo.

2. Vimbweta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo panapouma.

Kwa msomaji ambaye hakupita vyuo vyetu: kimbweta ni meza ya zege yenye mabenchi ya zege, kwa kawaida chini ya mti. Mvua hailiozeshi zege, wala hakuna mwizi wa kulibeba. Sisi tulikuwa navyo 11, kati ya maktaba na bweni la wasichana, chini ya miarobaini. Havikununuliwa na chuo. Vingi vilijengwa kwa michango ya madarasa yaliyokuwa yanamaliza, kila mtu akikatwa kidogo kutoka kwenye bumu lake la mwisho, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, na fundi alilipwa kwa mafungu. Kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa ncha ya msumari zege likiwa bichi: WALIMU 2013. Sehemu ya kukalia ilikuwa imelainika kama kigingi cha ng'ombe kwa miaka ya suruali na magauni.

Tulifunga chuo kwa likizo ndefu vimbweta vikiwepo. Tuliporudi tulikuta sakafu ya matofali na mistari myeupe: maegesho ya magari 14. Nimepita hapo kila siku ya kazi kwa wiki tatu na kuhesabu. Siku iliyojaa kuliko zote yalikuwa magari manane. Kipande cha kimbweta kimoja kipo bado. Walinzi wanakitumia kuzuia geti la nyuma lisijifunge kwa upepo, na ukiinama unaisoma 2013 ikiwa imelala chali.

Mheshimiwa Rasi, pale ndipo tulipokuwa tunasoma. Najua ratiba inaonyesha tunasoma kwenye kumbi za mihadhara, lakini mhadhara wa takwimu una watu 300 na mwalimu mmoja, na anayeelewa siku hiyo hiyo ni mmoja kati ya kumi. Wale wengine tisa walikuwa wanamkuta huyo mmoja kimbwetani saa kumi na moja jioni. Hakuna aliyempanga. Alikuwa amekaa tu, na kalamu, na wewe unapita, unasema "kaka, hili la jana umelielewa?" Diskasheni zote nilizofaidika nazo mwaka wa kwanza zilianza hivyo, na watu ambao nilikuwa sijawahi kuwajua. Mwanakwaya alikuwa anajifunza sauti ya tatu kimbweta cha pili, watu wa sheria wanabishana cha tano, wachumba wa mwaka wa pili wamejitenga cha mwisho kabisa kana kwamba hatuwaoni.

Na kuna jambo la lugha ambalo naomba Wajumbe wa Baraza waniwie radhi nikilisema. Ninyi mnaitwa Baraza. Kabla neno hilo halijawa la vikao na mihtasari, lilikuwa la kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenyeji na mpita njia walikaa na kuzungumza, na kikao kikachukua jina la mahali. Kimbweta ni baraza kwa maana hiyo ya kwanza. Baraza limeidhinisha kung'olewa kwa baraza. Sidhani kama siku ile kuna aliyeliona hivyo. Nadhani mbele yenu paliwekwa mchoro wenye maneno "eneo lisilotumika".

3. Vyama

Katika hotuba ya kupokea mwaka wa kwanza ulisema, kwa masikitiko ambayo nayaamini, kwamba vyama vya wanafunzi vimekufa. Naomba kukubishia kwa heshima. Chama cha midahalo kina wanachama 46 walioandikishwa. Cha maigizo kina watu 20 na zaidi. Wa Kiswahili bado wanajinasibisha na CHAWAKAMA, chama kinachokusanya wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, ingawa mara ya mwisho walipokutana wote pamoja ilikuwa ngazini, wamekaa kama kuku kwenye kitundu, na mwenyekiti akisimama ili asikike.

Angalia vyama vipi vimestawi: vya dini. Nawapongeza, na mimi mwenyewe ni mwanachama wa kimojawapo. Lakini tusiwe wavivu wa kufikiri tukadhani ni kwa sababu ya imani peke yake. Vina makanisa na misikiti nje ya uzio. Vina mlango ambao mtu wao anao ufunguo. Chama kingine chochote hapa chuoni hakina.

Watu wa maigizo wanafanya mazoezi chini ya taa ya ulinzi karibu na tenki la maji. Niliwahi kuwatazama usiku mmoja. Kijana aliyekuwa anaigiza mfalme alikuwa anatangaza vita, pampu ikawaka, na kwa dakika kumi nzima tukamwona mfalme anafungua mdomo bila kusikia neno. Ilipozima alianza upya. Saa tatu mlinzi akaja na tochi, akasema muda umekwisha, mfalme akaokota begi lake. Mwaka 1962 wanafunzi wa Makerere kupitia chama chao cha maigizo walipandisha jukwaani, katika Jumba la Taifa la Maigizo la Uganda, tamthilia iliyoandikwa na mwanafunzi mwenzao, nchi ikiwa katika shangwe za uhuru. Mwandishi huyo alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Sisemi kwamba yule kijana wa kwenye tenki ni Ngũgĩ. Nasema hatutajua, maana pampu inawaka.

Kisha kuna fomu. Ili chama kitumie chumba chochote chenye paa, fomu inahitaji saini tano: mlezi wa chama, Amidi (mkuu wa kitivo), Mlezi wa Wanafunzi, Milki na Uhasibu, kwa mfuatano huo huo, na mmoja akisafiri foleni nzima inasimama. Ombi letu moja tuliliwasilisha siku 19 kabla ya tukio. Lilirudi limekubaliwa siku mbili baada ya tukio. Nililipokea kwa mikono miwili na kushukuru, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa.

4. Njia ya mteremko

Nitasema kwa kifupi kwa sababu hakuna cha kubishania. Ukumbi umejengewa njia ya mteremko kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu. Mlango ambao njia hiyo inaishia ni mmoja wa ile mitatu yenye minyororo. Siku za mitihani mwenzetu mmoja hubebwa na marafiki kupandishwa ngazi za mbele, mbele ya watu wote. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Mnyororo unakatwa kwa msumeno wa chuma kwa dakika tano.

5. Mabweni na waliopanga mitaani

Najua vitanda havitoshi na sikuandika kuomba maghorofa. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na hata baada ya hapo wapo wanaopanga. Kubebana kutakuwepo: mmoja ana kitanda, mwingine anakuja usiku kulala kwenye godoro la rafiki yake na kuondoka alfajiri, na msimamizi anajua na anajifanya hajui, Mungu ambariki. Wengi wetu tunakaa mageto, vyumba vya kupanga mtaani, wengine mwendo wa saa nzima kwa mguu.

Ninacholalamikia ni kwamba mtu wa geto sasa hana sababu ya kubaki chuoni baada ya kipindi cha mwisho. Zamani alibaki kimbwetani hadi jioni. Sasa anaondoka moja kwa moja.

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliugua malaria akiwa peke yake kwenye chumba chake. Alikaa siku nne. Simu ilizima siku ya pili na hakuwa na nguvu ya kutoka kutafuta pa kuchaji. Aliyemgundua ni mwenye nyumba, aliyekwenda kudai kodi. Alipona, namshukuru Mungu, na amenipa ruhusa ya kuandika hili mradi nisimtaje. Nilimuuliza kama hakuwa na marafiki darasani. Akaniambia anawajua watu kwa majina yao ya kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lina watu zaidi ya 200. Katika siku zile nne lilikuwa na ujumbe mwingi, nimerudi nikausoma wote: noti za mhadhara, vichekesho, tangazo la kalkuleta iliyopotea. Hakuna aliyeuliza yuko wapi, na mimi nilikuwemo.

Kimbwetani ukikosekana siku mbili watu wanauliza. Hakuna aliyeajiriwa kuuliza. Ni kwamba nafasi yako kwenye benchi inaonekana iko wazi.

6. Mbao za matangazo

Zimefungwa kwa vioo na kufuli. Matangazo yaliyomo ndani ni ya mwaka juzi.

Majibu ambayo tumeshayasikia

Naomba niyatangulie, ili tusipoteze barua nyingine.

Tutaambiwa ukumbi unaingizia chuo fedha. Ni kweli, na sijaomba harusi zikome. Harusi zinafanyika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Lile daftari la funguo lilinionyesha kwamba Jumanne na Alhamisi jioni ukumbi unakaa mtupu, umefungwa, popo peke yao ndio wenye kikao. Zaidi ya hapo, kila mmoja wetu analipa ada ya umoja wa wanafunzi kila mwaka na risiti tunazo. Mwanafunzi si mgeni anayeomba punguzo.

Tutaambiwa usalama. Hapa nitasema kwa uwazi, kwa sababu nadhani ndiyo sababu yenyewe, na hizo nyingine ni pazia. Wakubwa wanaogopa wanafunzi wakikusanyika. Hofu hiyo ina historia na sitaikana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo ya kukatwa mshahara. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza karibu 400, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Hakuwachekea. Lakini hakuweka mnyororo kwenye milango ya chuo. Mwaka uliofuata, 1967, kwenye kilima kile kile wanafunzi waliunda USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, wakisoma na kubishana hata siku za Jumapili, na mwalimu kama Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, akikaa nao. Mwenyekiti wao alikuwa kijana kutoka Uganda anayeitwa Yoweri Museveni. Sitapaka rangi: mwaka 1970 chama hicho nacho kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Kwa hiyo siwaambii kwamba mikusanyiko ya wanafunzi haijawahi kuwakera wakubwa. Ninachosema ni kwamba wakubwa waliokerwa wakati ule, wenye sababu kubwa kuliko zenu, walifukuza watu na kufuta chama, na bado ukumbi ukabaki ukumbi. Sisi hatujaandamana. Tumeomba chumba cha kubishania mikopo, na atakayetaka kutuma afisa usalama aketi nyuma asikilize, kiti tutampa.

Tutaambiwa chuo chetu ni kichanga, tusubiri kikue. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Walihamia kilimani mwaka 1964. Muhimbili na Ardhi zote zilikuwa vyuo vikuu vishiriki kama sisi kabla hazijawa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Kama nasi tunaota kufika huko, na nasikia kwenye mpango mkakati tunaota, basi wakaguzi watakapokuja wataonyeshwa maegesho?

Tutaambiwa vijana wa siku hizi wako kwenye simu. Hili huwa linasemwa kwa kicheko, kama vile tumezaliwa nazo mkononi. Wiki tuliporudi na kukuta vimbweta vimeng'olewa niliwaona wenzangu wamekaa ukingo wa mtaro wa maji ya mvua, mstari mmoja, wote wanatazama upande mmoja. Ukikaa kwenye mstari hutazamani na mtu. Unatoa simu.

Na tutaambiwa chuo ni mahali pa taaluma, hizo klabu ni starehe. Nilipofika hapa sikuweza kusimama mbele ya watu kumi nikamaliza sentensi. Mwaka huu nilitetea pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo la walimu watatu, na mmoja aliponibana sana nilimjibu bila kutetemeka. Hakuna kozi iliyonifundisha hilo. Nilifundishwa na wapinzani wa mdahalo, katika siku chache tulizopata chumba.

Tunachoomba

a) Ukumbi uwe wa vyama vya wanafunzi bila malipo kila Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Siku nyingine zote zibaki kama zilivyo.

b) Mlango wa njia ya mteremko ufunguliwe wiki hii. Hili halihitaji kikao.

c) Saini za fomu zipungue kutoka tano hadi mbili, mlezi wa chama na Mlezi wa Wanafunzi, na ombi ambalo halijajibiwa ndani ya siku saba lihesabiwe limekubaliwa.

d) Vimbweta virudi. Nafasi sita za maegesho ambazo hazitumiki zinatosha, na miarobaini miwili bado imesimama upande huo. Hatuombi fedha. Darasa letu liko tayari kuchanga, na fundi aliyejenga vile vya zamani tumempata. Ameuliza kama vya safari hii navyo vitang'olewa, tukashindwa kumjibu. Tunataka maandishi yenye muhuri kwamba havitaguswa bila wanafunzi kuulizwa.

e) Jambo lolote la kubadili matumizi ya eneo la pamoja, liwe jengo, uwanja au kivuli cha mti, litangazwe muhula ukiwa unaendelea, siyo likizo.

f) Funguo za mbao za matangazo apewe katibu wa serikali ya wanafunzi. Kioo kibaki.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Mimi na wenzangu wawili tuko tayari kuitwa wakati wowote, na tutakuja na nakala za barua zote tatu, yenye muhuri ikiwa juu.

Nimalizie na taarifa, ili asije akasema mtu kwamba alishtukizwa. Jumanne ijayo saa kumi na mbili jioni mdahalo ulioahirishwa mara nne utafanyika. Fomu iko kwa Amidi, ikisubiri saini ya pili. Mlinzi wa zamu nimemjulisha. Tutafika na wasemaji wanne, msimamia muda na saa yake, na mikeka mitatu. Ufunguo ukiwa umefika tutaingia ndani. Usipofika tutakaa kwenye njia ya mteremko, ambayo ina nafasi nzuri na kwa sasa haina anayeitumia, na yule mwenzetu wa kiti cha magurudumu ndiye atakayefungua upande wa wanaounga mkono.

Viti viwili vya mbele tumewawekea wewe na Mwenyekiti wa Baraza.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
aliyekuwa Katibu wa Chama cha Midahalo.